Baba yangu alikuwa seremala. Atafanya nini mbinguni?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Baba yangu alikuwa seremala kwa zaidi ya miaka 40 na sikumbuki siku aliyokaa bure. Kwenye mazishi yake mhubiri alisema sasa ameuvua mwili, yuko juu anaimba na malaika milele, na amekabidhiwa jumba lake la dhahabu. Watu waliitikia amina, mimi nikazidi kusononeka, maana baba hakuwa mtu wa kuimba wala wa dhahabu. Je, Wakristo wanaamini mbinguni ni mahali hasa, penye ardhi na nyumba na kazi, au ni hali ya roho tu? Na jingine dogo: baba alikatwa kidole kimoja na msumeno. Atafufuka nacho?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Hilo la kidole umeliita dogo, lakini nitalirudia mwishoni, kwa sababu wapo watu wenye akili kuliko mimi waliowahi kuliketia chini na kulijibu.

Nikupe kwanza jibu lenyewe, usije ukasoma yote haya roho ikiwa juu. Imani ambayo makanisa yameiungama tangu karne za mwanzo si kwamba mwanadamu atautupa mwili aende kuishi juu milele. Ni kwamba wafu watafufuliwa wakiwa na miili, kwamba Mungu ataifanya upya mbingu pamoja na nchi, na kwamba yeye mwenyewe atahamia kwa watu wake. Mhubiri wenu alikuwa na nusu ya habari. Alisimulia sehemu ya kungojea, akaishia hapo, kama msafiri anayeshuka kwenye kituo cha kubadilishia gari akadhani amefika kwao. Simlaumu sana. Nami nimehubiri hivyohivyo makaburini, na zaidi ya mara moja. Shimo likiwa wazi na watu wanalia, unashika maneno yaliyo karibu na mkono.

Chukua Sala ya Bwana, unayoijua tangu utoto. Hatusemi "tuje kwenye ufalme wako". Tunasema "Ufalme wako uje", kisha "Mapenzi yako yatimizwe, hapa duniani kama huko mbinguni". Hapa na huko: anayesali amesimama hapa, na anaomba ya huko yafike hapa. Tumeirudia sala hiyo maelfu ya mara huku vichwani tukisafiri kuelekea upande wa pili.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili "mbingu" ni kule mvua inakotoka, na ndiyo hiyohiyo anakokaa Mungu. Ndivyo lilivyo neno la Kiebrania, shamayim, na la Kigiriki, ouranos. Kwa hiyo ukilisikia, macho yanakwenda juu yenyewe. Waandishi wa Biblia nao walitazama juu, lakini hawakudhani kwamba Mungu amepanga ghorofani. Sulemani, siku ya kuliweka wakfu hekalu, alikiri kwamba hata mbingu za mbingu hazimtoshi, sembuse nyumba ile aliyoijenga. Tarehe 21 Julai 1999 Papa Yohane Paulo II aliwafundisha mahujaji kwamba mbingu si mahali fulani mawinguni, bali ni uhusiano ulio hai na Utatu Mtakatifu. Wapo wanaoyasoma maneno hayo wakasema Papa aliifuta mbingu. Hakufuta kitu. Katekisimu ya Kanisa lake, iliyotoka 1992, inafundisha wazi ufufuko wa mwili na mbingu mpya na nchi mpya. Alichokataa ni mawingu. Ardhi hakuigusa.

Basi baba yako yuko wapi leo? Makanisa mengi yanajibu kwamba yuko pamoja na Kristo, akingoja. Yesu alimwambia yule mhalifu msalabani, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi", na Paulo aliandika kutoka kifungoni kwamba anatamani kwenda akae na Kristo. Mwaka 1336 Papa Benedikto XII alitoa tamko rasmi kwamba roho za wenye haki, zikiisha kutakaswa, zinamwona Mungu hata kabla ya ufufuko. Waadventista Wasabato hawakubaliani na hilo. Kwao mfu amelala usingizi hadi parapanda ilie, na huegemea maneno ya Yesu kwamba Lazaro amelala. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini tazama kinachowaunganisha: kwa wote wawili hali ya sasa ya marehemu si mwisho wa safari. Paulo mwenyewe, aliyetamani kwenda, hakupenda wazo la kubaki bila mwili. Katika 2 Wakorintho 5 anaufananisha mwili huu na hema linalobomolewa, anaingojea nyumba kutoka kwa Mungu, na hali iliyo katikati anaiita kuwa uchi. Hataki kuvuliwa tu. Anataka kuvikwa.

Sasa lile jumba. Limetoka Yohana 14: "Nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi." Kigiriki chake ni monai, wingi wa monē, jina linalotokana na kitenzi cha kukaa, kama "makao" yetu. Tafsiri ya Kilatini ikaweka mansiones, Waingereza wa karne ya 16 wakalichukua hilohilo kwa maana ya mahali pa kukaa, na baadaye katika lugha yao likabadilika likawa jumba la tajiri. Nyimbo zikalisambaza. Sisi tuna bahati, watafsiri wetu waliandika neno sahihi, ila wahubiri tumelijengea ghorofa juu yake. Na kuna jambo ambalo hupitwa na wengi. Neno hilo limetumika mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na mara ya pili iko mistari michache mbele, Yohana 14:23, ambapo Yesu anasema kwamba yeye na Baba watakuja kwa ampendaye "na kufanya makao" kwake. Kwanza mwanadamu anaandaliwa makao kwa Mungu, kisha Mungu anafanya makao kwa mwanadamu. Ukiyasoma yote mawili pamoja, habari ya tajiri na jumba lake haipo tena.

Dhahabu nayo imetoka Ufunuo 21, na hapo inafaa tusimame. Yohana anauona mji, Yerusalemu mpya, "ukishuka". Hapandi mtu kwenda kwake. Sauti kutoka kwenye kiti cha enzi inasema: "Tazama, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu." Kisha malaika anaupima mji kwa mwanzi wa dhahabu. Kila upande ni stadia 12,000 kwa Kigiriki, yaani kama kilomita 2,200, na kwenda juu ni vivyo hivyo. Mlima mrefu kuliko yote duniani haufiki kilomita 9. Halafu ukuta wake una dhiraa 144, kama mita 65. Fikiria mji wa kilomita 2,200 kwenda juu wenye ukuta wa mita 65! Ingekuwa ni ramani ya mjenzi, baba yako angeirudisha. Lakini hesabu hizi ni lugha: 12 ni makabila ya Israeli, 12 tena ni mitume, na 12 mara 12 ni 144. Dhahabu yenyewe imeelezwa kuwa safi kama kioo, na mimi sijaona dhahabu unayoweza kuchungulia ng'ambo yake.

Umbo ndilo lenye siri. Ni mchemraba: marefu, mapana na kwenda juu ni sawa. Katika Biblia kuna chumba kimoja maarufu chenye umbo hilo, nacho ni Patakatifu pa Patakatifu katika hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kila upande, yaani mita 9 hivi. Kwa sheria ya Walawi, mahali pale aliingia mtu mmoja tu, kuhani mkuu, siku moja kwa mwaka, na damu mkononi. Yohana anasema chumba kile kimekuwa mji, na watu wote wamo ndani. Ndiyo maana anaongeza kwamba hakuona hekalu humo, na kwamba milango haifungwi. Hekalu la nini, ikiwa unaishi ndani yake? Na bahari anayosema haimo tena? Katika kitabu hichohicho bahari ndiko yule mnyama anakotokea. Wapo wanaoisoma neno kwa neno, lakini mimi naona anasema kwamba lile shimo la vitisho limekauka. Wapenda maji wasihuzunike, mto upo kwenye sura inayofuata.

Utaniuliza: kama vipimo vya mji ni mafumbo, kwa nini mwili usiwe fumbo pia? Swali la haki. Jibu lake ni kipande cha samaki.

Jumapili ile aliyofufuka Yesu, jioni, wanafunzi wamekusanyika Yerusalemu, na Yohana anaongeza kwamba milango ilikuwa imefungwa kwa hofu. Yesu akasimama katikati yao, nao wakadhani wanaona roho, kama ambavyo wewe na mimi tungedhani. Akawaonyesha mikono na miguu, akawaambia wamshike-shike, kwa kuwa roho haina nyama na mifupa. Bado hawakusadiki. Ndipo akauliza swali la mtu aliyeingia nyumbani na njaa: "Mna chakula chochote hapa?" Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa. Luka anasema akakitwaa, akala mbele yao. Hebu kaa kidogo ndani ya chumba kile. Watu wazima wamesimama kimya, hakuna anayethubutu kuketi, wanamtazama mtu akitafuna. Luka angeweza kuandika kwamba roho yake iliwatokea ikawafariji, na wasomaji wake Wagiriki wangempokea kwa urahisi zaidi, maana wengi wao waliona mwili ni gereza la roho. Hakuandika hivyo.

Na Paulo anamwita huyo aliyekula samaki "limbuko lao waliolala". Limbuko ni fungu la kwanza la mavuno, na mavuno yanayofuata ni ya zao lilelile. Kwa hiyo Mkristo akitaka kujua mwili ujao ukoje, haanzi na kitabu cha Ufunuo, anaanza na Yesu baada ya Pasaka. Mwili wake ulikuwa uleule, kaburi likabaki tupu, makovu yakaonekana. Tena haukuwa uleule kwa kila hali. Milango iliyofungwa haikumzuia, na wale wawili wa njia ya Emau walitembea naye wasimtambue hadi alipomega mkate. Paulo anatumia mfano wa mbegu: unachopanda ni punje tu, kinachoota hukifananishi nayo, lakini bila ile punje kisingekuwapo.

Hapo kuna maneno mawili yanayowachanganya watu, "mwili wa roho", katika 1 Wakorintho 15:44. Wengi husikia mwili uliotengenezwa kwa roho, kitu kama moshi. Lakini jiko la gesi halikutengenezwa kwa gesi, linaiwakia. Paulo anasema mwili wa sasa unaendeshwa na pumzi hii inayochoka, na ule utaendeshwa na Roho wa Mungu. Anaposema nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme, amalizie sentensi yake mwenyewe: "wala uharibifu kurithi kutokuharibika." Shida yake ni kuoza.

Ardhi je? Wengine watakunyamazisha na 2 Petro 3, kwamba nchi na kazi zilizomo zitateketea, basi ya nini kuizungumzia. Ninawaomba warudi nyuma mistari minne. Petro anaufananisha moto huo na gharika, na anasema dunia ya wakati ule "iliangamia" kwa maji. Iliangamia, lakini Nuhu alishuka akakanyaga ardhi ileile. Zaidi ya hayo, nakala mbili mashuhuri za Biblia ya Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, hazina neno la kuteketea mahali hapo. Zina neno lenye maana ya "itaonekana" au "itapatikana", kama chuma kinachobaki taka zikiisha kuungua. Paulo naye, katika Warumi 8, anasema viumbe vyote vinaugua kwa utungu kama mwanamke anayejifungua, vikitazamia kuwekwa huru. Uchungu wa kuzaa si uchungu wa kufa. Na aliyeketi kwenye kiti cha enzi anasema "nayafanya yote kuwa mapya". Hasemi anafanya mengine mapya yote.

Nisikufiche kwamba Wakristo wenyewe kwa wenyewe hawajaafikiana kuhusu nchi hiyo mpya itakuwa na nini. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliitetea ardhi iliyofanywa upya kwa nguvu zote, mpaka akanukuu simulizi la kale la mizabibu yenye matawi 10,000 kila mmoja. Origene, mwalimu wa Kanisa wa karne iliyofuata, aliona aibu kwa habari za namna hiyo na akazisoma kiroho. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba wanyama na mimea havitakuwamo, kwa sababu mwanadamu hatavihitaji tena. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akahubiri kinyume mwaka 1781, akitumia Warumi 8, kwamba wanyama nao watarudishiwa furaha yao. Katika hilo mimi niko na Wesley. Mashahidi wa Yehova hugawa mara mbili, 144,000 mbinguni na wengine waaminifu kwenye paradiso duniani, mgawanyo ambao makanisa mengine hayaukubali, kwa kuwa Ufunuo unaushusha mji kwa wote. Kuhusu ndoa Yesu alisema wazi kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi. Wanandoa wengine huumia kusikia hilo, wengine hucheka.

Sasa kazi, ambayo nadhani ndiyo iliyokukera hasa. Mahubiri yetu husema "amepumzika" kana kwamba kazi ndiyo iliyokuwa laana. Fungua Mwanzo 2:15: mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na hapo hakuna dhambi bado. Miiba na jasho vinakuja sura ya 3. Kilicholaaniwa ni ardhi, na taabu ikaingia kazini. Ufunuo 14:13 unaposema wafu katika Bwana wanapumzika, unataja wanapumzika na nini: "taabu zao". Kisha unaongeza kwamba matendo yao yanafuatana nao.

Isaya ndiye atakayekupendeza zaidi. Katika sura ya 65, baada ya Mungu kutangaza mbingu mpya na nchi mpya, nabii hatupeleki kwenye kwaya: "Nao watajenga nyumba, na kukaa ndani yake, watapanda mizabibu, na kula matunda yake." Halafu anasema hawatajenga akakaa mtu mwingine, na kwamba wateule wataifurahia kazi ya mikono yao. Aliwasemea watu walioporwa. Walijua kupiga boriti ya mwisho ya nyumba, kisha jeshi la kigeni likalala chini yake. Ni kweli kwamba sura hiyohiyo ina mtu anayekufa akiwa na miaka 100, ndiyo maana wengine huiweka katika ile miaka elfu ya Ufunuo 20, na wengine, nami nimo, huiona ni lugha ya nabii akitumia vitu alivyovijua kusema visivyosemeka. Ila hata kama ni picha, angalia alichochagua kuchora. Fundi akikaa ndani ya alichokijenga.

Kuimba kupo, nisikudanganye, Ufunuo umejaa nyimbo. Lakini pia unasema wafalme wa nchi wataleta utukufu wao ndani ya mji, na kwamba watumwa wake watamtumikia, na kutumikia ni neno la mtu aliyesimama wima mwenye shughuli. Paulo akiisha kueleza ufufuo kwa mistari 57 katika 1 Wakorintho 15, mstari wa 58 hauwaambii wasomaji wakae wangoje. Unawaambia wazidi kutenda kazi, kwa kuwa taabu yao si bure.

Tumefika kwenye kidole. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, katika kitabu cha 22, ambacho ni cha mwisho, cha Mji wa Mungu, alichokimaliza karibu mwaka 426, aliulizwa maswali ya aina hii na wapinzani waliotaka kumcheka. Watoto wachanga watafufuka na kimo gani? Na kucha zote tulizokata, na nywele, zitaturudia? Angeweza kuwafukuza. Badala yake alijibu moja moja, kwa subira ambayo mimi sina. Alisema mtengenezaji wa sanamu anaweza kuyeyusha sanamu yenye kasoro akaitengeneza upya kwa madini yaleyale bila kupoteza kitu na bila kuirudisha kasoro, na Mungu hashindwi na alichoweza fundi. Kilichopungua kitatimizwa.

Basi ndiyo, mwanangu, atafufuka nacho. Lakini Augustino aliona ugumu mmoja: Kristo alifufuka na alama za misumari, na Tomaso akaalikwa kuzigusa. Kwa hiyo makovu si lazima yafutike yote. Akasema mashahidi waliokatwa viungo kwa ajili ya imani watarudishiwa viungo hivyo vikiwa kamili, na pale vilipokatwa huenda alama ikaonekana, isiwe tena kasoro bali pambo. Aliandika hayo kuhusu mashahidi, hakuwa na habari ya maseremala. Lakini ukimwona siku hiyo mtu mwenye vidole kumi, na kimojawapo kina mstari mwembamba kukizunguka, nadhani hutahitaji kuuliza ni nani.